Nimefuta Vipimo Vyako, Mjomba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ile marahaba yako ya kuvuta nimejiitikia mwenyewe, maana karakana siku hizi ina ukimya wake asubuhi. Nakuandikia juu ya meza yako, kwa penseli yako, na nitaanza na la kuungama nisije nikazunguka: nimefuta vipimo vyako kwenye mchoro wa mashine ya kukunia nazi. Vingi. Raba imekwisha.

Usinikunjie uso. Nisikilize kwanza.

Ulipotuacha, ulikuwa umeshakubaliana na akina mama wa Moa mashine ishirini, na hata moja hujaianza. Kilichobaki ni ule mchoro kwenye karatasi kubwa ya kaki. Baada ya hitima watoto wako walikaa na mama yao, wakasema mashine ya kukereza vyuma iuzwe, kila mtu apate fungu lake la mirathi. Siwalaumu. Wao hawajui chuma, na mimi mtoto wa dada yako sina fungu. Mkaza mjomba, eda ndiyo kwanza imeanza, akawaomba jambo moja tu: wangoje atoke. Akitoka akakuta mashine zote ishirini zimekwenda Moa, karakana ibaki mikononi mwangu na wao niwape chao kidogo kidogo. La sivyo, wauze.

Miezi minne na siku kumi, Mjomba. Ndizo nilizopewa.

Nikaanza kama ulivyonifundisha. Kila kipimo kwenye mchoro umekiandikia "barabara", yaani kiwe sawasawa, usipite hata unywele. Shafti barabara. Mfuniko barabara. Hata matundu ya boliti za miguu, barabara! Nilikereza, nikapima, nikafumba macho nikapitisha ukucha kama ulivyokuwa ukifanya, na nikasikia sauti yako: "Saumu, rudia." Nikarudia. Vyuma vilivyoharibika vikajaa pipa. Mwezi na nusu ukapita nina mashine tatu.

Ningeweza kujiuliza mapema, lakini mchoro wa marehemu kwetu ni kama wasia, nani ataugusa? Hata mafundi wenzako wa hapa Chumbageni waliokuja kunipa pole waliutazama mikono ikiwa nyuma.

Zile tatu nikazipeleka Moa. Haikupita wiki, Bi Mwanakombo, kiongozi wa wale akina mama, akanipigia simu niende mwenyewe. Mashine zilikuwa zinakuna vizuri, hakuna cha kusema. Ila mifuniko! Chenga za nazi zimeingia ukingoni, zimekauka, na kwa vile hapakuwa na nafasi hata ya unywele, haifunguki. Walikuwa wakiigonga kwa mchi. Mchi wa kutwangia, Mjomba, kwenye kazi yako. Niliinama kukagua nimevimba kwa hasira, na Bi Mwanakombo akaniambia taratibu, "Mwanangu, kazi nzuri, Mungu akubariki. Lakini mie nataka mfuniko nikauoshe kisimani, sitaki wa kumfungia jini."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakawa machozi kweli. Nilikumbuka ule mfuniko uliomtengenezea mkeo wa kopo la sukari. Kila akija mgeni, ilibidi uitwe karakanani uje ufungue, na wewe ukaona fahari. Mkaza mjomba akanunua kopo jingine la plastiki, akalificha uvunguni. Nadhani hukulijua hilo mpaka unaondoka.

Kesho yake sikuwasha mashine. Siku nzima sikukata chuma. Nilitandika mchoro mezani, na kila kipimo nikakiuliza: wewe ukikosea nusu milimita, nani ataumia? Matundu ya miguu hayakuwa na neno, boliti ingeingia tu. Sinia la kupokelea chenga za nazi lingetosha kukatwa kwa mkasi wa bati. Mfuniko ulitaka kuachiwa nafasi, tena ya kutosha. Nikafika pale shafti inapokaa kwenye beringi, na pale kichwa chenye meno kinaposhika shafti. Hapo nikatulia. Nilikumbuka ulivyonisimulia habari za ujana wako kwenye karakana ya shamba la mkonge upande wa Mwera, shafti iliyolegea ilivyochomoka ikamvunja mwenzako mkono mbele ya macho yako. Ndipo nikaelewa. Ulichukua woga wa mahali pamoja ukaueneza kwenye kila chuma ulichokishika maisha yako yote.

Lakini sikufuta siku hiyo. Nilikwenda kwanza kwa mkeo, chumbani kwake, nikamweleza yote. Akaniuliza, "Zitamkata mtu?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi futa, mwanangu."

Mkono ulinitetemeka. Nilihisi kama nakufuta wewe. Tena nilikukasirikia, nikwambie ukweli: kwa nini hukunifundisha kwamba si kila kitu kinastahili jasho sawa? Mwaka ule nilipokuuliza kama tungeweza kuiachia fremu kidogo, ulinipa mgongo, hukunisemesha mpaka adhuhuri. Nami sikuuliza tena. Kosa hilo ni letu sote wawili. Zile sehemu mbili za shafti sikuzigusa. Zimebaki barabara, kwa mwandiko wako.

Kilichokuwa kinatumaliza, Mjomba, si bei ya chuma. Ni kukikata mara ya pili na ya tatu, wakati mara ya kwanza kilikuwa kinafaa. Siku ile moja ya kukaa na penseli ilinirudishia wiki na wiki. Nikawa natoa mashine mbili kwa wiki, na pipa la vyuma vilivyoharibika likabaki vilevile. Mifuniko ya zile tatu za mwanzo nikaibadilisha. Ya ishirini ilikwenda Moa siku nne kabla ya mkeo kutoka eda.

Watoto wako walikuja. Hemedi, mkubwa wao, akauchukua mchoro, akaona palipofutwa, akaniuliza kama baba yake angekubali. Nilitamani niseme ndiyo. Nikamwambia sijui. Akautazama tena, akaurudisha mezani kwa mikono miwili, akasema, "Endelea, dada." Mashine ya kukereza haikuuzwa. Nimeiwasha leo asubuhi.

Sijui kama ungekubali, na hilo linaniuma, kwa sababu sitajua kamwe. Nakupenda hivyo hivyo.

Lala kwa raha, Mjomba. Mola akupanulie mahali ulipolala. Na mimi nakuahidi: kila kazi itaanzia mezani kabla chuma hakijakatwa, na pembeni ya kila kipimo nitaandika sababu yake, ili atakayekuja baada yangu, akiona sababu imekwisha, anifute bila mkono kumtetemeka.

Mpwa wako,
Saumu