Siku Uliyokataa Kufungua Kabati la Kadi

Mwaitu,

Hukupenda tukuite Mama. Ulitaka Kikamba chako hata katikati ya mtaa wa Jericho, Nairobi, basi Mwaitu.

Siku hizi naifikiria sana ile siku ya kamati. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza Kidato cha Nne, nawe ulikuwa karani wa kadi za wagonjwa pale zahanati ya mtaani. Paa lilivuja hadi mkawa mnapanga mabeseni kati ya mabenchi. Wabunge wa kamati walipokuja kusikiliza maoni yetu, ukumbi wa mtaa ulijaa hadi madirishani.

Mwenyekiti alisema wana miswada miwili. Wa kwanza ulikuwa wa matumizi ya serikali, na humo ndimo zilimokuwa fedha za kutujengea zahanati mpya. Tukapiga makofi. Wa pili ungempa mwajiri haki ya kusoma kadi ya mfanyakazi wake anayeugua.

"Hii miwili tunataka iende pamoja," alisema.

Ulisimama. Mama Akoth, jirani yetu wa mlango wa pili, akakuvuta leso. "Mama Mwende, keti bwana. Wacha tujengewe kwanza."

Hukuketi. "Mheshimiwa, ufunguo wa kabati ninao mimi. Lakini kadi si zangu, wala si zenu. Nikizitoa leo, kesho nani ataniambia ukweli wa ugonjwa wake?"

"Mama, unataka jengo au hutaki?"

"Nalitaka sana. Na kadi sitoi."

Niliona aibu, nikainamisha kichwa kama mtu asiyekujua. Kisha nikasikia sauti ikitetemeka, na alikuwa Mama Akoth yule yule. "Mimi kadi yangu iko humo. Naumwa nini, siwaambii. Sasa tajiri wangu aambiwe kwa nini?" Wanawake wakaguna, halafu ukumbi mzima.

Baadaye tukasikia redioni kwamba kamati imepitisha mswada wa matumizi, na ule wa kadi umewekwa kando. Mtaa ulishangilia. Wiki hiyo hiyo ukaletewa barua ya uhamisho, mbali kabisa, kaskazini.

Ulikuwa unakunja nguo nilipokurukia kwa maneno. "Si ungenyamaza tu kama wengine!"

Ulinitazama bila hasira. "Mwende, ningenyamaza, Jumatatu ningewaangalia wagonjwa vipi pale dirishani?"

Hukufanya kazi hata siku moja katika lile jengo jipya. Nami sikukuomba radhi. Ulikuja likizo mara nyingi, nikakupikia chai, tukazungumza habari za wajukuu tu. Nisamehe, Mwaitu. Niliogopa kukukosa, nikakulaumu wewe.

Siku tulipokuzika kwetu Machakos, mwanamke mmoja nisiyemjua alilia kuliko sisi watoto wako. Nikamuuliza mlijuana vipi.

"Alijua habari zangu, tangu siku za zahanati ya zamani," akasema. "Miaka yote hiyo tukipishana sokoni, ananisalimia tu kama watu wengine."

Nilitaka sana kumuuliza ni habari gani. Sikumuuliza. Nilimshika mkono, tukaenda kunawa tule.

Pumzika, Mwaitu.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.