Enosi Asikubali Kosa Lote

Kabiria, Nairobi

Kaka yangu Yohana,

"Anayekiri mapema hupunguziwa adhabu." Ndivyo ulivyomwandikia mpwa wetu Enosi huko rumande. Amenisomea mwenyewe. Si kweli, kaka, na nitakupinga ingawa wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma. Lakini kwanza, mko salama? Kifua cha mama kimetulia? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku na harufu ya wino pale kazini, kwenye mitambo ya uchapaji, vinanikausha koo.

Kwa mambo ya kwetu Maragoli una haki. Kijana akikosa husimama mbele ya wazee, akasema "nimefanya", kondoo akachinjwa, na aliyekosewa akala naye. Kukiri ndiko kunakofungua mazungumzo. Mahakama ya huku ni kinyume. Ukisema "ni kweli", mashahidi wanarudi makwao. Hakimu anabaki na maelezo ya polisi, nayo yanasema watu watatu waliingia duka la Mhindi huko Westlands na panga, wakamkata mlinzi. Kifungo cha kosa hilo kinaweza kufika maisha, na viboko juu yake. Panga likiwa la mmoja, wote wanahesabiwa kuwa na silaha.

Nilimwuliza Enosi, "Wewe ulifanya nini?"

"Nilibeba gunia, mjomba. Panga niliiona tukiwa ndani."

"Na ulipoiona?"

"Nilibaki."

Nilimtukana mpaka askari jela akacheka. Kwa hiyo usiseme namtetea mwizi. Aliiba, na afungwe kwa alichofanya. Wako hapa mjini, wenye tai shingoni, wanaotaka kila mwizi wa panga anyongwe. Nimewauliza: mwizi akijua kamba inamngoja hata asipoua, atamwacha nani hai wa kumtaja? Wananiita mkorofi.

Kisha nilikwenda Kinoo kumwona yule mlinzi, Mzee Njoroge. Nilimkuta ameketi nje, mkono umefungwa bandeji.

"Kama umeleta pole, weka hapo chini," alisema. "Hii mkono haitashika jembe tena."

Akanitazama. "Yenu ni gani? Ule mnene ama ule wa gunia?"

"Wa gunia, mzee."

"Huyo alivuta mwenzake shati, akasema, 'Wacha mzee.' Bila hiyo ningekatwa shingo. Lakini gunia hakuweka chini."

"Utayasema hayo kortini?"

"Nikiitwa nitasema yote mbili. Sitaki kondoo yenu."

Nikiitwa, kaka. Enosi akikubali shtaka, mzee huyu hataitwa, na mtu pekee anayeweza kumtenganisha na mwenye panga atabaki Kinoo na maneno yake. Nilimweleza Enosi haya yote. Alinijibu, "Mjomba mkubwa amesema nikubali. Nitampingaje?" Ndiyo sababu sikuandikii kukuomba ushauri.

Msalimu mama, na mke wako, na dada yetu Rebeka. Mwambie mwanawe Enosi anakula na hakohoi. Msalimu pia mwalimu wa shule ya Jumapili aliyembatiza kijana huyo kwa maneno makali kuliko maji.

Sasa nakutaka wewe, Yohana, wala si mwingine: mwandikie Enosi kwa mkono wako kwamba umeliondoa neno lako. Akane shtaka kama lilivyoandikwa, aseme gunia alilibeba, na amwache Njoroge aitwe. Barua hiyo ipande gari la moshi la kwanza, maana kesi iko karibu. Na wewe shemeji Mariko, baba yake Enosi, uliyeapa hutamtazama tena usoni, Yohana akikusomea barua hii: mwombe bwana shauri wa serikali ruhusa ya kusafiri, uje ukae kortini. Mzee aliyekatwa mkono yuko tayari kusema haki juu ya mwanao. Wewe njoo umsikilize.

Ndugu yenu asiyetulia,
Zakayo