Ulichomwambia Mama Dukani

Guangzhou, Xiaobei
Jumamosi asubuhi

Baba Neema,

Mimba yetu ilitoka Jumatano alasiri, na huko kwenu mchana ulikuwa haujafika nilipokupoteza na wewe. Nimeanza na hilo usije ukadhani hii ni barua ya mzigo wa duka.

Hamjambo lakini? Neema anakula? Kikohozi cha Baraka kimeisha, au bado mnampa tangawizi na kusubiri? Mimi natembea. Damu inatoka kidogo kidogo, na nimeambiwa inaweza kuendelea hivyo hata wiki mbili.

Barua hii nampa Mama Glory wa duka la mapazia, anaruka leo jioni. Sauti kwa simu sikutumii tena. Hii utaisoma peke yako.

Nikueleze nilivyofanyiwa, maana hukuuliza. Hospitali nilikwenda na Salma, binti wa Tanga anayesomea udaktari hapa, awe mdomo wangu. Kwanza walinipiga picha wahakikishe mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi. Ikiwa kwenye mrija, vidonge havisaidii na mtu anaweza kufa. Wiki sita. Daktari akaona makovu yangu ya kisu cha uzazi, akauliza mengi: moyo, ini, damu inagandaje, natumia dawa gani. Halafu akauliza mume yuko wapi. Nikamwambia Salma, "Mwambie yupo, anajua."

"Dada, sikiliza vizuri," Salma akasema, kidole kikifuata maandishi ya karatasi ya dawa. "Hii ya kwanza inaizuia mimba isiendelee. Kama una wasiwasi useme sasa, kabla hujameza. Ya pili utaimeza hapahapa siku ya tatu, wao wakikuangalia. Tumbo litabana kweli kweli, usije ukaniita mwongo."

"Nimepasuliwa mara mbili, mdogo wangu. Tumbo gani la kunitisha?"

"Haya, jasiri. Lakini ukijaza pedi mbili nene ndani ya saa moja, na saa inayofuata vilevile, usikae kujipima ushujaa. Njoo. Homa, uchafu wenye harufu, maumivu yasiyosikia dawa, njoo. Na hata damu ikikatika, urudi upigwe picha, isije ikawa kuna kilichobaki."

Nimemzidi miaka kumi na miwili, na ndiye aliyenishika mkono.

Ilipotoka, nesi aliangalia kwenye beseni, akaitikia kwa kichwa kwamba iko kamili. Na mimi niliangalia. Hapo sikuandikii.

Nikiwa bado kitandani, laoban wetu wa soko la Zhanxi, yule mama mwenye duka la viatu, akawa anataka jibu la mzigo kwa simu. Nikakurekodia sauti kama kawaida yetu: viatu vya kike jozi mia mbili arobaini, namba thelathini na sita mpaka arobaini na moja, nyeusi nusu, kahawia nusu. Mwishoni nikasema, "Na vidonge vimefanya kazi, mimba imeshatoka, naumwa, niombee." Na wewe, kama kawaida yetu, ukaiweka kwenye spika ili msichana wa duka aandike namba. Mama yako alikuwa amekaa kwenye benchi la kujaribia viatu.

Kwa spika sikulaumu. Miaka sita tunafanya hivyo. Nakulaumu kwa kilichofuata, nacho sikukibuni, dada yako Rhoda alikuwepo na alinipigia analia. Mama alisema, "Mkeo ameitupa damu yetu Uchina ili abebe viatu!" Na wewe ukajibu, "Mimi hakuniambia, Mama. Kajiamulia."

Baba Neema. Tulikaa wawili mbele ya daktari, Baraka ana wiki mbili, mimi nimeongezewa chupa tatu za damu. Akasema nikishika nyingine mapema, kovu linaweza kufunguka na ukabaki na watoto bila mama. Siku niliyokupigia kwamba nimeshika, Baraka hata mwaka hajatimiza, mimi ndiye niliyelia. Nilitaka uniambie tujaribu, tumwombe Mungu. Ni wewe uliyesema, "Mama Neema, hawa wawili wanakutaka uwe hai. Nenda hospitali. Mimi nipo."

Jana nilikwenda Zhanxi kulipia. Laoban akanisogezea kikokotoo niandike bei yangu, kama siku zote. Nikamrudishia bila kubonyeza kitu, nikatoa hela. Akanitazama, akavuta kigoda, akanimiminia maji ya moto. Kiswahili hajui, na mimi sina Kichina cha kueleza jambo kama lile. Nikanywa, nikalia palepale katikati ya maboksi, mikokoteni ikinipita.

Rhoda anasema Mama amezitoa nguo zangu kabatini, na amemwambia Neema kwamba mimi sirudi. Mtoto wa miaka sita.

Kuombwa radhi sitaki. Nataka umkalishe Mama, Rhoda akiwepo, umwambie tuliamua wawili, na umwambie kwa nini. Ndege yangu ni Jumamosi ijayo. Barua itakufikia Jumanne, siku tatu zinakutosha. Ijumaa saa kumi na moja jioni huko, ambayo huku ni saa nne usiku, nitakuwa nimeishika simu. Ukinyamaza, nitashukia kwa dada yangu Shinyanga, na watoto nitakuja kuwachukua mchana, watu wote wakiona.

Mbusu Neema, umwambie mama yake anakuja na viatu vyake vya shule. Baraka mpake mafuta kifuani akilala. Wifi yangu Rhoda mwambie ahsante, anajua ya nini. Msichana wa duka asiogope, hakukosa kitu. Mama yako mpe shikamoo yangu, heshima yake sijaiondoa.

Wewe nijibu moja tu, bila maelezo, ikifika saa niliyokutajia: upo, au hupo?

Mkeo,
Mama Neema