Refa na Moyo Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Kifua tena. Kimenibana nikiwa nimemsuka mteja nusu kichwa. Nikaangukia kitini, yeye kasimama, nywele upande mmoja, ananipepea kwa gazeti. Nilitaka kucheka, pumzi hakuna.

Refa akaja mbio. Mume wangu huyu kaacha kuchezesha mechi zamani, lakini bado akitoa uamuzi ananyoosha mkono juu kama anaonyesha kadi. Alhamisi kipimo cha moyo, kasema. Hakuna kubishana na refa!

Alhamisi, 7 Machi

Nimepimwa. Unalala, mashine inapiga picha damu inavyopita kwenye mishipa ya moyo. Kwanza umetulia. Kisha unachomwa dawa ya kuifungua mishipa – moyo unadhani unapanda mlima! Mishipa ikiwa mizima, damu inaongezeka mara mbili, hata tatu.

Yangu haikuongezeka.

Daktari ni binti mdogo, mpole. Alisema huenda wakapitisha waya hadi kwenye moyo, waone kilichoziba.  Tulipofika nyumbani Refa akafua nguo zangu zote. Hata zilizo safi.

Ijumaa, 8 Machi

Kumbe chai!

Simu ya maelekezo aliipokea Refa. Nesi alimtajia kahawa, chai, soda, chokoleti – vyote marufuku tangu siku moja kabla. Refa kashika kahawa tu. Asubuhi ya kipimo akanipikia birika zima la chai, eti nipate nguvu.

Leo nesi kapiga kunijulia hali, maneno yakazaa maneno, chai ikajitaja. Akampa daktari simu. Chai huizuia ile dawa isifanye kazi, kasema. "Basi mama, jana hatukupima moyo wako. Tulipima chai." Tutarudia Jumanne.

Refa kajikunyata uani, chakula hataki. Nikamfuata. Nikamwambia, mwenzangu, wapo wanaowatilia wake zao sumu, wewe umetia chai tu, tena tamu. Kacheka mpaka kakohoa.

Jumanne, 12 Machi

Lifti mbovu. Ghorofa ya tatu kwa miguu. Kila ngazi zikikata kona Refa anainama kufunga kamba za viatu. Nikamwambia vua tu, tufike!

Chumbani wakanibandika nyaya kifuani. Nitulie, wapime damu ya moyo uliopumzika. Refa kasimama kando, kanishika mkono, ananinong'oneza upuuzi wake. Nesi anatazama kioo cha mashine, anakunja uso. Mapigo yanakwenda mbio. Kangoja. Bado. Mwisho kasema, "Mzee, hebu tupishe kidogo."

Katoka. Mapigo yakashuka!

Karudi kuchukua kofia – yakapanda! Nesi kauma midomo asicheke. "Mama, mmeoana lini?" Nikamwambia wajukuu wetu wanasoma sekondari. Nilitamani godoro linimeze.

Daktari alinieleza baadaye. Wanagawanya damu ya wakati wa dawa kwa damu ya wakati wa kupumzika. Moyo ukiwa unakimbia kabla ya dawa, damu imeshakuwa nyingi, kwa hiyo jibu linatoka dogo na mzima anaonekana mgonjwa. Na si hofu tu. Presha inachangia, umri unachangia, damu pungufu inachangia, hata kuwa mwanamke. Ndiyo maana, kasema, hasomi namba kabla ya kumsoma mwenye moyo.

Huyu binti abarikiwe.

Na Refa je? Anatembea kifua mbele kama jogoo. Jirani kaambiwa. Muuza maziwa kaambiwa. "Nikiingia tu, moyo wake unapiga mbio!" Mzee mzima!

Jumatano, 20 Machi

Majibu. Mishipa mikubwa mizima. Presha iko juu, na ndiyo inayonibana, nimepewa vidonge. Hakuna waya!

Nikalia. Refa akalia. Daktari akatupa tishu, kisha akamgeukia: "Na wewe baba, zile kamba za viatu?" Kumbe siku ile alikuwa nyuma yetu kwenye ngazi.

Refa alicheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama miguuni. Kavaa ndala, na leo pia aliinama kwenye kila kona.

Alhamisi, 28 Machi

Niko kwenye benchi nje ya chumba kilekile. Yeye ndiye yuko ndani. Chai hajaonja tangu jana asubuhi. Birika nililificha mwenyewe. Alipoingia alinipungia kama anayekwenda kuanzisha mechi.

Wanachelewa. Dawa bado, mlango uko wazi kidogo, nasikia nesi akimbembeleza: vuta pumzi, mzee, taratibu.

Ametoka nesi. Moyo wa baba hautulii, anasema, na mwenyewe anauliza niko wapi. Niingie?

Nikiingia nitautuliza au nitaukimbiza? Nimemuuliza nesi. Naye hajui. "Kila mtu na moyo wake, mama. Njoo tuone."

Nimesimama, naandika huku nimesimama. Refa ananiita kutoka ndani. Jina langu la usichana, kwa sauti ya kuamrisha, watu wote wa benchi wamegeuka –