Mama wa Rungwe Mpya Amerudi

Kasulu, Jumanne, Septemba 2014

Na bado sijamwambia mtu kwamba nimepata nafasi ya masomo. Chuo kimepanua masomo ya uzamili ya picha za tiba. Zamani walichukua wawili watatu, sasa ni darasa zima. Wenzangu wanapongezana kwenye simu. Nikiondoka, mashine yetu ya utrasaundi itafunikwa shuka, hakuna mwingine wa kuisoma.

Leo amerudi yule mama wa Rungwe Mpya. Februari nilimkuta na uvimbe mdogo kwenye figo, nikampa rufaa akapasuliwe. Hakwenda. Alirudi shambani kungoja apone, kwa kuwa alidhani kile kipimo ndiyo dawa yenyewe. Wengi huku hudhani hivyo. Nilijua, lakini foleni ilikuwa ndefu, sikumuuliza ameelewa nini.

Sasa uvimbe umeshafika kwenye ini. Hakuna daktari atakayeugusa.

“Ile ya kwanza ilinisaidia kidogo, daktari,” akasema, akipanda kitandani mwenyewe. “Leo nipige kwa muda mrefu, nipone kabisa.”

Nikampaka jeli, nikapitisha kipimo tumboni mwake polepole, nikaendelea hata baada ya kuuona uvimbe kwenye ini, mpaka mwenyewe akasema inatosha.