Mgomba Utakaolala Mahali Pako

Ndugu yangu mpendwa Wekesa,

Jana nikitoka Kitale kuja nyumbani, mlima ulionekana wazi mpaka juu kabisa, bila wingu hata moja. Niliuchukia. Ulikuwa umetulia tu, utadhani haujui ulichotufanyia.

Unakumbuka uliponipeleka pangoni mara ya kwanza, kuchimba udongo wa chumvi wa ng'ombe wa mama? Uliniamuru nisimame mlangoni, ukagonga mawe mawili, ukanusa hewa. Ndovu nao huingia humo kulamba chumvi, ukasema, na mwenye nyumba hupigiwa hodi. Nilikucheka. Kisha tukakuta mavi yao yakitoa mvuke, na kicheko kikanikauka. Mbega walitutazama kutoka mitini na manyoya yao meupe mabegani, ukasema hao ni wazee wa kanisa. Mlima ule uliujua kama boma letu.

Sasa ni mwezi wa pili tangu mvua iporomoshe udongo wewe ukiwa njiani kutoka huko huko. Vijana walipanda kutoka Kamukuywa, wakachimba hadi mikono ikatoka malengelenge. Walipata gunia lako, limefungwa vizuri, chumvi imo. Wewe hawakukupata.

Juzi wazee wa ukoo waliamua tusingoje tena. Kesho tutazika mgomba mahali pako, kama tunavyomfanyia mtu ambaye mwili wake umekosekana, halafu watu wanyolewe kumaliza matanga na warudi makwao. Nina hasira nao, Wekesa. Nina hasira na wewe pia. Kwani ng'ombe wangekufa wakikosa chumvi wiki moja?

Mama alikuwa amekataa kata kata. Kila jioni anakuwekea chakula, anakifunika, anakaa kuitazama njia ya mlimani. Jana akaniita jikoni. Alisukuma kuni ambazo hazikuhitaji kusukumwa.

"Sawa, wazike," akasema. "Lakini huo mgomba ukate wewe, na ukate mfupi. Huyo mtoto ni mrefu. Hilo kaburi lisimtoshe."

Leo nimeukata. Kama ungesimama hapa, mgomba ungekufika kifuani tu. Wazee waliutazama, wakanitazama, kisha wakawaambia vijana wachimbe kwa kipimo hicho.

Kama umelala, ndugu yangu, lala salama. Kama hujalala, rudi. Chakula kimefunikwa, na kaburi hilo si saizi yako.

Dada yako mdogo