Siku Niliyofunga Barabara ya Taveta

Jumanne, alasiri

Joto la Voi leo ni la kukausha nguo kabla hujazianika. Mama amelala kwenye kochi langu hapa Mwakingali, jicho la kulia limefunikwa kwa bandeji, feni inampepea. Mimi nimekaa mezani na soda baridi, natafuta namna ya kuandika mambo ya leo bila kujiaibisha. Nimeikosa. Basi acha nijiaibishe.

Wanaonisoma kwenye blogu hii wanalijua daftari langu. Mimi ni mwalimu, na mkono wa mwalimu haupumziki hata shule zikifungwa, kwa hiyo ndani ya gari huwa nina daftari na kalamu nyekundu. Dereva akinikera, nikishafika na kuzima gari, namtolea alama. Trela lililoovateki trela jingine mlimani: sifuri kwa kumi. Bodaboda aliyebeba mke, mtoto na godoro, kisha akakata kulia huku akitazama kushoto: moja, kwa sababu angalau alivaa helmeti. Yule bwana aliyesimamisha pikapu katikati ya barabara mbele ya duka, akawasha hazadi na kuingia kununua mkate, kana kwamba zile taa ni barua ya ruhusa kutoka kwa serikali: mbili.

Lakini hakuna tabia niliyoisema vibaya kama ile ya watu wetu wa milimani, na naisema nikiwa mzaliwa wa Bura. Magari mawili yanakutana, madereva wanajuana, yanasimama dirisha kwa dirisha katikati ya lami, na mazungumzo yanaanza. Watoto hawajambo? Mahindi yameshika? Na yule ng'ombe? Nyuma foleni inarefuka, na ukipiga honi unatazamwa kama mtu aliyekosa malezi. Mwezi jana niliandika maneno makali sana juu ya jambo hilo. Niliwaita washamba.

Msirudi kuyasoma, tafadhali.

Sasa, Mama. Mama ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na la kulia ndilo baya zaidi. Mara mbili nimempangia matibabu na mara mbili amenikwepa. Mara ya kwanza kulikuwa na matanga. Mara ya pili mbuzi alikuwa karibu kuzaa, na ikaonekana Bura nzima hakuna mtu mwingine anayeweza kukaa na mbuzi. Safari hii kuna kambi ya macho. Madaktari walikuwa Taveta jana, leo wako Voi, kisha wanarudi kwao. Tuliambiwa orodha inafungwa saa nne kamili, na asiyekuwepo atasubiri mpaka warudi tena, na hakuna aliyejua watarudi lini.

Mama alikubali kwa sharti moja. "Nitakuja," aliniambia kwa simu, "lakini usinikimbize."

Nikadhani anazungumzia mwendo wa gari. Nikamjibu kwa majivuno kabisa kwamba mimi sikimbizi mtu.

Na niseme hili pia. Mama ndiye mtu pekee duniani anayesifu uendeshaji wangu. Walimu wenzangu husema naendesha Probox kama nimepakia mayai ya watu. Mama huwaambia wenzake kanisani, "Mwanangu akiendesha hata hujui kama gari inatembea." Sifa hiyo nimeitumia mara nyingi hapa, kama ushahidi.

Nilifika Bura asubuhi na mapema, ukungu bado umelala mashambani. Nilimkuta amevaa gauni la kanisani na leso mpya, mkoba mapajani, amekaa kwenye kibaraza kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Akaingia mbele, akafunga mkanda bila kuambiwa. Nikajua leo hatanikwepa. Nikapiga hesabu ya saa na nikaona tutafika na muda wa kunywa chai utabaki.

Kabla ya kufika kwenye lami tulisimama mara tatu.

Kumbe Jumapili Mama alitangaza safari yake, na watu walikuwa wametoka kando ya barabara kumuaga. Wa kwanza alikuwa fundi viatu. Wa pili jirani yetu, aliyekuja na kabichi nne za kupelekewa binti yake Voi, kwa sababu kwetu gari linaloshuka Voi ni la kila mtu. Wa tatu mzee wa kanisa, ambaye aliombea macho, akamwombea daktari, akaliombea gari, kisha magurudumu yote manne, moja baada ya jingine. Nilijikaza kisabuni. Nilifumba jicho moja na kwa lile jingine nikatazama saa.

Kila mmoja wao Mama alimwambia ainame dirishani. Akawa anawashika mashavu kwa mikono miwili na kuwavuta mpaka pua zinakaribia kugusana, anawatazama hivyo kwa muda, kisha anawaachilia. Nikaona ni mambo ya wazee tu.

Tulipoingia barabara ya Taveta nikashusha pumzi. Lami nzuri, hakuna mtu wa kuaga. Nikakanyaga mafuta kidogo, nikafika hadi sabini.

Karibu na Mwatate, penye kona, penye ule mstari mweupe usiokatika, nikasikia honi mbili fupi na moja ndefu. Mimi sikuijua. Mama aliijua kabla pikapu haijaonekana. Ni pikapu ya Mzee Mwadime, na ndani yake alikuwa mkewe, Elizabeta, aliyesimama pamoja na Mama kwenye kwaya tangu mimi sijazaliwa.

"Simama!" Mama akasema.

Hakusema nisimame kando. Alisema nisimame, na sauti ilikuwa ile iliyokuwa ikiniita nikiwa juu ya mpera, kwa hiyo mguu ulitii kabla ya kichwa. Nikafunga breki pale pale. Mzee Mwadime naye akafunga zake. Dirisha kwa dirisha, katikati ya lami, kwenye kona.

Elizabeta akashuka, akazunguka gari, akaenda upande wa Mama. Wakashikana nyuso. Mzee Mwadime akaegemeza kiwiko mlangoni, akaniuliza mjukuu wake anaendeleaje na kemia.

Nikamjibu. Hapo ndipo sitajisamehe. Nikamjibu kwa kirefu.

Nilikuwa nimefika kwenye suala la mazoezi ya nyumbani wakati Landkruza nyeupe ilipokuja nyuma yetu. Ikapiga honi. Ikapiga tena, ndefu. Kisha mama mmoja wa miwani akatoa kichwa dirishani, akaonyesha saa yake ya mkononi. Nami, ambaye nimewaandikia maneno makali watu wanaofunga barabara hivi mwaka mzima, nikatoa mkono nje, nikamwinulia kiganja kama ninavyowainulia kidato cha pili wakipiga kelele, nikasema kwa sauti ya darasani:

"Madam, heshima barabarani!"

Mzee Mwadime akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Watu wa siku hizi wana haraka," akasema.

"Ni nani huyo?" Mama akauliza.

"Ni watu wasio na adabu, Mama."

Tulikaa pale dakika kumi, labda zaidi. Elizabeta aliporudi kwenye pikapu alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya leso, na mimi nilikuwa na shughuli nyingi za kuinyima Landkruza nafasi hata nisijiulize kwa nini. Mwishowe ikatupita. Yule mama wa miwani alinitazama mpaka shingo yake ikakataa kugeuka zaidi. Moyoni nikampa sifuri kwa ajili ya honi.

Kisha nikatazama saa, nikakanyaga mafuta tena.

Kilomita za mwisho kabla ya Voi, lori lilikuwa limeharibika. Dereva alikuwa ametandaza matawi barabarani kama kawaida yao, na nyuma ya matawi kulikuwa na foleni isiyosogea. Ilikuwa saa nne kasoro robo. Landkruza nyeupe ilikuwa humo kwenye foleni, magari kadhaa mbele yetu, imetulia inasubiri zamu yake. Mama alikuwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili na midomo ilikuwa ikisogea. Alikuwa anaomba. Nikajua kwamba akirudishwa leo, hatakuja tena. Mbuzi watazaa mpaka mwisho wa dunia.

Nikakata kushoto, nikashuka kwenye vumbi.

Ndiyo. Mimi. Nilipita kando ya foleni nzima, gurudumu moja kwenye mtaro na jingine kwenye vichaka, vumbi jekundu likipanda hadi juu ya malori, kabichi zikigonga mlango wa nyuma. Watu walinipigia honi. Mtu mmoja aliniita jina ambalo siwezi kuliandika. Nilipopita Landkruza niliona dirisha lake liko wazi, kisha sikuliona tena kwa sababu ya vumbi.

"Hapa wameiharibu barabara," Mama akasema, akishikilia dashibodi.

"Wameiharibu sana, Mama."

"Lakini wewe unaendesha vizuri."

Mbele nikachomeka pua ya Probox kati ya lori na basi bila hata kuwasha indiketa, nikaingia mjini, nikafika hospitali. Hapakuwa na nafasi ya kuegesha. Nikasimama langoni kabisa, nikaziba njia yote, nikawasha hazadi, nikamshika Mama mkono tukaingia mbio.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili. Nesi wa mapokezi alitutazama tunavyohema akatuonea huruma.

"Mama, keti upumzike," akasema. "Daktari mwenyewe hajafika. Amepiga simu, anasema kuna gari lilifunga barabara huko Mwatate."

Nje, langoni, honi ikalia. Ndefu. Hii sasa nilikuwa naijua.

Nilitoka kuondoa gari bila kugeuza shingo, nikaegesha mbali mno, nikarudi nikitembea nyuma ya watu wanene. Nilikuwa na tumaini moja tu, kwamba ndani ya chumba cha uchunguzi nitajificha nyuma ya mlango. Mlango wenyewe ulikuwa pazia.

Daktari alikuwa amenawa uso, lakini nyusi zilikuwa bado nyekundu, na kola ya shati pia. Alimkalisha Mama, akammulika macho kwa upole, akamuuliza maswali yake. Kisha akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena na kunitazama.

"Wewe si ndiye yule wa 'Madam, heshima barabarani'?"

Nilijisogeza kwenye pazia. Nina digrii ya ualimu, lakini nilikuwa najificha kama mtoto wa chekechea.

Mama ndiye aliyejibu. "Daktari, usimgombeze mtoto wangu. Mimi ndiye nilimwambia asimame."

"Katikati ya barabara, mama?"

"Nilitaka kumwona Elizabeta. Nikiwa mbali simwoni, namwona akiwa hapa." Akaweka kiganja mbele ya pua yake. "Nilisikia kuna watu huingia kwa daktari wa macho wakatoka wakiona giza kabisa. Nikasema, kama ni hivyo, basi kwanza nimwone fundi viatu, nimwone jirani, nimwone mzee wa kanisa, na Elizabeta. Huyu nilimwomba tu asinikimbize."

Sikujua pa kutazama. Asubuhi nzima nilikuwa nikihesabu dakika anazotupotezea, na yeye alikuwa akizikusanya nyuso, moja moja, kwa sababu aliogopa. Hakuniambia anaogopa, na mimi sikumuuliza. Niliona aibu, aibu halisi, si hii ya kuchekesha ninayoiandika hapa.

Daktari alisogeza kiti chake karibu. Kisha akamshika Mama mkono.

"Ukipona, mama," akasema, "utamwona Elizabeta akiwa ng'ambo ya barabara. Utampungia mkono tu, na sisi wengine tutapita."

Mama akacheka mpaka leso ikamdondoka. Akaingia kufanyiwa kazi akiwa bado anacheka.

Walisema imeenda vizuri. Kesho asubuhi tunarudi bandeji itolewe, kisha nampeleka Bura. La kushoto watalifanya wakirudi, na safari hii Mama mwenyewe ndiye aliyeuliza tarehe. Kabichi zimefika kwa mwenyewe, zikiwa na michubuko.

Kabla ya kulala aliniambia jambo moja. "Kesho nitakaa mbele tena. Nataka kuiona hiyo barabara waliyoiharibu."

Nikamwambia wataitengeneza usiku huu huu.

Basi nimekuja kujitolea alama zangu. Kufunga barabara, kufoka nikiwa ndiye mwenye makosa, kupita vumbini, kuchomekea bila indiketa, kuziba lango la hospitali: nimejipa moja kwa kumi, na hiyo moja ni ya mkanda niliofunga. Nawaomba msamaha washamba wote.

Na kuna jambo lingine. Ule mbonyeo kwenye mlango wa mbele wa kushoto, ambao niliwaandikia hapa kwamba ni kazi ya bodaboda mmoja mkorofi, na Mama nikamwambia hakuna kitu, ni kivuli tu: ni nguzo ya geti langu mwenyewe. Nimeigonga mara mbili. Ni mlango ule ule ambao Mama ataufungua kesho.

Nimelitoa daftari kwenye gari na kulifungua ukurasa mpya, nikaliweka mezani karibu na dawa zake za macho. Kalamu nyekundu nimeiweka juu yake. Kesho asubuhi itakuwa yake, anitolee alama mwenyewe.